Nirudishie Shavu Langu

Mume wa dada yangu watu wanamwita Penseli, na ukimwita kwa jina alilopewa na baba yake hageuki. Msidhani ni kwa sababu ya wembamba. Mwembamba alikuwa zamani. Siku hizi ana tumbo ambalo dada analitaja mbele ya wageni kana kwamba amelijenga yeye tofali kwa tofali. Jina limetoka kazini. Kabla simu hazijaanza kupiga picha, mtaani kwetu kulikuwa na studio moja tu ya maana, na ndani ya studio hiyo, nyuma ya pazia jeusi, alikaa huyu shemeji yangu, ameinamia meza ya kioo yenye taa chini yake, mkononi ana penseli aliyoichonga mpaka ikawa kali kama sindano ya daktari.

Kazi yake ilikuwa kuwafanya watu wazuri. Ukipigwa picha enzi zile, kabla haijatolewa kwenye karatasi kulikuwa na filamu yake, negativu, ambayo mambo yote humo yako kinyume: nywele nyeupe, meno meusi, shela la bi harusi jeusi tii kama la mchawi. Doa jeusi lililoko usoni mwako, kwenye negativu linaonekana kama tundu la mwanga. Basi Penseli analijaza tundu lile vidoti vidogo vidogo, taratibu, huku amebana pumzi, mpaka linapotea. Picha ikitoka, chunusi hakuna. Chunjua hakuna. Mikunjo ya paji la uso imekwenda na maji. Mteja anakuja kuchukua picha, anajitazama, anatikisa kichwa kwa kuridhika: "Naam, hivi ndivyo nilivyo." Ndiyo maana ukiingia nyumba za mtaa wetu ukatazama picha za ukutani, utadhani wazee wetu wote walikuwa wakiogea maziwa.

Studio ikafa, kama zilivyokufa nyingine. Penseli akarudi nyumbani kukaa, na hapo ndipo dada yangu alipoanza kuona cha mtema kuni.

"Mwanaume gani anakaa ndani kama kabati?" aliniambia. "Kabati lenyewe afadhali, linashika nguo."

Shida haikuwa kukaa. Shida ilikuwa mikono. Mikono iliyozoea kurekebisha vitu vidogo haiwezi kutulia. Alikuwa anachuna vinyuzi vya vitambaa vya makochi. Anasogeza vikombe kabatini mpaka masikio yao yote yaelekee upande mmoja. Asubuhi moja wakiwa wanakunywa chai akamtazama mkewe kwa muda, akakunja jicho moja, akasema, "Hapa pembeni mwa macho pana kazi kidogo." Siku hiyo alikuja dukani kwangu na ndala za miguu tofauti, kwa sababu hakupewa nafasi ya kuchagua.

Duka langu ni la rangi na misumari. Juu yangu, ukipanda ngazi za mbao zinazolia kama mtoto, kuna chumba cha Chama cha Kumbukumbu za Mtaa. Mwenyekiti wake ni Nesi, mama aliyestaafu hospitali lakini hospitali haijastaafu ndani yake. Ukipiga chafya mbele yake anakuuliza umeanza lini. Katibu ni Mwalimu, aliyefundisha jiografia maisha yake yote na bado akikuelekeza choo kilipo anaanza na kaskazini. Kuna na wengine wanaokuja siku za mkutano, hasa kama kuna chai.

Mwanzoni mimi niliwacheka. Watu wazima na akili zao wanakusanya funguo za milango iliyovunjwa na vibao vya maduka yaliyofungwa! Lakini walinibadilisha kidogo kidogo. Wao ndio waliozima ule ugomvi wa mpaka kati ya ndugu wawili wa nyuma ya soko, kwa kutafuta wazee waliokumbuka kisima cha zamani kilikuwa wapi. Wao ndio wanaokwenda kwa wagonjwa na wazee wasiotoka tena, wanakaa nao, wanawarekodi kwa simu. Na wana sheria moja ya Nesi ambayo hairuhusiwi kuvunjwa: ukimuuliza mtu habari za zamani, usimtilie maneno mdomoni. Uliza, kisha funga mdomo wako. Wako wewe, siyo wake.

Kisha kuna jambo la dirisha. Kila Jumamosi wanabandika picha moja ya mtu asiyejulikana kwenye dirisha la chini, hapo karibu na mlango wangu, na karatasi chini yake: UNAMJUA HUYU? Basi watu wanasimama. Wengine wanajua, wengine wanajifanya wanajua. Kuna fundi bomba mmoja ambaye kila picha ni mjomba wake, hata ikiwa ya mwanamke. Lakini nimeona pia, kwa macho yangu, mtu mzima ameweka mfuko wa nyanya chini, ameshika kioo kwa viganja viwili, analia. Wiki hiyo picha ikapata jina, ikapandishwa juu ukutani.

Mwenye studio alipofariki, watoto wake hawakujua wafanye nini na maboksi ya negativu, wakakipa chama. Nesi alifungua boksi la kwanza, akaona watu wote humo wana nywele nyeupe na meno meusi, akalifunga. Akashuka ngazi akaniuliza, "Yule shemeji yako bado mzima?"

"Mzima anasumbua," nikamwambia.

Alipokwenda kumwita, Penseli alinyoa ndevu, akavaa shati la ofisini lililokuwa likimbana tumboni, akapanda zile ngazi kama mtu anayekwenda kuapishwa. Wakampa meza ya kioo, wakampa taa, wakampa kiti karibu na dirisha. Kiti cha kawaida, kimelegea mguu mmoja. Lakini muulizeni dada yangu kile kiti kilifanya nini! Mtu aliyekuwa anaamka saa anayotaka akaanza kuamka na jogoo. Akawa na funguo za mahali. Akawa anasema, "Siwezi, nina kazi," kwa sauti ile ya zamani. Jioni anarudi ana cha kusimulia, na mezani hakuna tena aliyeambiwa uso wake una kazi.

Nesi alimpa sharti moja siku ile ile, na mimi nilikuwepo kwa sababu niliwapelekea kopo la rangi ya ukuta.

"Mzee, toa vumbi, toa ukungu, basi. Sura usiguse."

"Sura nitaigusa ya nini?" akasema Penseli.

"Nakufahamu. Hapa hatutafuti watu wazuri. Tunatafuta watu waliokuwepo."

"Nimekuelewa, mwenyekiti."

Kuelewa alielewa. Mikono ndiyo haikuwepo kwenye mazungumzo.

Alhamisi moja akashuka dukani kwangu anacheka peke yake, mpaka tumbo linatikisika. Nikamsogezea kiti na chai.

"Shemeji," akasema, "leo nimemaliza kazi ya miaka."

"Kazi gani?"

Akaanza kunisimulia. Wakati wa ujana wake pale studio, alikuja mwanamke mmoja kupiga picha. Mwanamke ana baka jeusi shavuni, karibu na sikio, kubwa tu, huwezi kulikosa. Penseli akalifanyia kazi siku nzima. Akalijaza mpaka shavu likawa laini kama yai. Alijivunia kazi ile kuliko zote. Mwanamke akaja kuchukua picha, akaitazama, akairudisha kaunta. Akauliza ni nani aliyefanya hivi. Mwenye studio, akidhani anataka kutoa shukrani, akamwita Penseli kutoka nyuma ya pazia.

"Akaniangalia hivi," Penseli akakaza macho, "akaniambia, 'Nirudishie shavu langu.' Mbele ya wateja! Ikabidi nichukue pamba na tapentaini, nifute kazi yote. Maana penseli inafutika, shemeji. Nilifuta huku machozi yananilenga. Katika maisha yangu yote ndiye mteja pekee aliyenirudishia kazi."

"Sasa leo?"

"Leo nimefungua boksi, nani yuko humo? Yeye! Na baka lake! Nikasema, mama, safari hii hupo hapa kunisumbua." Akanywa chai kwa raha zote. "Nimelitoa. Limekwenda. Ukitazama huwezi kujua."

Nilicheka naye, kwa nini niseme uongo? Nikamuuliza tu kama Nesi anajua. Akaniambia Nesi ana mambo mengi kichwani, si vizuri kumwongezea. Nikamuuliza kama ni huyo mmoja tu. Akatazama dari. Nikajua kuna kina chunusi na kina kovu wengi huko juu ambao wamepona hivi karibuni.

Jumamosi yake, picha iliyowekwa dirishani ilikuwa ni ya yule yule mwanamke. Mwalimu aliichagua kwa sababu ilitoka safi kuliko zote.

Sasa, kuna dada mmoja ana tanuri la mikate mtaa wa pili, tunamwita Mama Mikate. Mtu wa kazi, hana maneno mengi, kichwani ana kitambaa anachokifunga kikashuka mpaka kwenye taya. Kila Jumamosi akimaliza kuuza alikuwa anapita kwenye dirisha lile na unga bado mikononi, anatazama, anaondoka. Siku hiyo akasimama mbele ya ile picha. Akaitazama zaidi ya kawaida. Mimi na Penseli tulikuwa mlangoni na vikombe vyetu.

"Mzuri huyu," akasema, kama anajiambia mwenyewe. "Wa watu."

Akageuka aondoke. Nesi alikuwa anashuka ngazi.

"Mama Mikate! Kila wiki unakuja, hujawahi kuniambia hata siku moja unamtafuta nani."

"Naangalia tu, mama."

"Mtu haangalii tu kila wiki. Hebu sema."

Akapangusa unga mikononi. Kisha akasema anamtafuta mama yake. Mama alifariki akamwacha mchanga, hata hajaota jino. Baba akaondoka kwenda kutafuta maisha na vitu vyote vya nyumbani, wala hakurudi. Mtoto akalelewa na mama yake mdogo, ambaye sasa ni mzee na macho yake hayaoni tena.

"Sura yake siijui kabisa," akasema Mama Mikate. "Lakini mama mdogo ananiambia ipo picha alipiga studio, na nitamjua tu, sitakosea." Akakivuta kile kitambaa nyuma. Pale shavuni karibu na sikio alikuwa na baka jeusi, lina poda juu yake iliyolowa jasho la tanuri. "Alikuwa nalo hili. Upande huu huu."

Nilimtazama Penseli. Chai yake ilikuwa inamwagika kwenye viatu naye hana habari.

"Basi tutaendelea kutafuta," Nesi akamwambia. "Maboksi bado mengi."

"Ahsante mama." Akairudia ile picha kwa jicho moja, akafunga kitambaa chake, akaenda. Alikuwa ameegemea kioo kile kile. Unga wa kiganja chake ulibaki hapo kwenye dirisha.

Nesi alipopanda juu, nikamvuta Penseli ndani, nyuma ya makopo.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa?"

"Sasa nikisema, kile kiti kimekwenda." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Aliniambia sura usiguse. Aliniambia mbele yako."

"Na usiposema?"

Alichukua kitambaa akaanza kufuta makopo yangu ya rangi, moja moja, akiyageuza lebo zitazame mbele.

Jumapili nilikwenda kula kwao, kama kawaida yangu ya kutopika. Dada amepakua, mzee hagusi. Dada akamtazama, akanitazama mimi.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa," nikasema.

"Basi kwa nini huyu anakiangalia chakula kama kinamdai?"

Penseli akasema yote. Akasema baka, akasema tapentaini, akasema kitambaa kilichovutwa nyuma. Mimi nikangoja dada alipuke, maana kulipuka anakuweza. Hakulipuka. Aliweka kijiko chini.

"Huyo mtoto ametazama uso wa mama yake, akasema ni wa watu?"

"Ndiyo."

"Kwa sababu yako?"

"Ndiyo."

"Mume wangu, mrudishie mtu mama yake. Kiti nitakununulia."

Na mnajua alichokuwa anajinunulia pale: mikono ile ndani ya nyumba yake kutwa nzima. Nilimheshimu dada yangu siku hiyo, ingawa sikumwambia, asije akazoea.

Jumatatu asubuhi Penseli akanunua chupa ya tapentaini dukani kwangu. Nilimwambia achukue bure, akakataa, akasema kosa lake atalilipia mwenyewe. Akapanda. Mimi nikapanda nyuma yake nikijidai napeleka brashi. Nesi alikuwa kwenye meza kubwa na miwani puani, Mwalimu yuko na kompyuta na ile skana yao ya kugeuza negativu kuwa picha.

"Mwenyekiti," Penseli akasema akiwa bado amesimama, "naomba umwite Mama Mikate. Yule wa dirishani ana baka. Nililitoa mimi. Hapa hapa. Wiki iliyopita."

Nesi akavua miwani. Mimi nimewahi kusikia watu wakigombezwa, lakini yule mama hakupandisha sauti hata kidogo, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Nilikwambia nini?"

"Sura nisiguse."

"Mtu amekuja hapa wiki baada ya wiki. Tumemwekea mama yake dirishani tukiwa tumemfuta. Unaelewa tulichofanya? Siyo ulichofanya wewe. Tulichofanya."

"Naelewa."

"Huelewi. Kaa."

"Kwenye kiti?"

"Unataka kukaa ukutani?"

Mwalimu akatoka mbio kumwita Mama Mikate. Akaja na aproni yake, kapauka kwa unga na kwa wasiwasi. Nesi akamweleza kwa maneno machache na hakupaka sukari. Mama Mikate akamgeukia Penseli.

"Ulimfuta mama yangu?"

"Sikujua ni mama yako."

"Ungejua ni mama wa mtu."

Hapo shemeji yangu akaitazama chupa yake ya tapentaini, na mimi nilijikuta natazama brashi zangu.

Akawasha taa ya meza. Akaweka negativu juu ya kioo. Akalowesha pamba kidogo, akaanza kupitisha shavuni, taratibu, mduara mduara. Kwanza hapakuonekana kitu. Halafu pakatokea mwanga kidogo pembeni ya sikio. Ukakua. Ukaenea. Mpaka baka lote likawa linawaka pale shavuni, kwa sababu kwenye negativu, kama nilivyosema, kilicho cheusi ndicho kinachong'aa.

Mwalimu akaichukua kwa ncha za vidole, akaiweka kwenye skana, akabonyeza. Uso ukatoka kwenye kompyuta, umegeuka sawasawa. Ni mwanamke yule yule wa dirishani, lakini sasa alikuwa mtu. Sijui niseme vipi. Kwanza alikuwa tangazo la sabuni, sasa alikuwa mtu unayeweza kumsalimia.

Mama Mikate hakulia. Alisogea karibu, akaweka kidole kwenye shavu la kompyuta, akaweka kingine kwenye lake.

"Ni yeye," akasema.

"Inawezekana ni yeye," Nesi akasema. "Samahani mwanangu. Wenye mabaka walikuwa wengi. Baka peke yake halitoshi, na mimi nikishakupa mama siwezi kuja kukunyang'anya. Twende kwa mama yako mdogo, leo, sasa hivi. Na hakuna atakayemwambia kitu. Umesikia, Penseli? Mdomo wako ukiufungua kabla yake nitaushona, na sindano ninazo."

Tukaenda kwa gari langu dogo la kubebea mizigo, Nesi na Mama Mikate mbele, Mwalimu na Penseli nyuma pamoja na ndoo za chokaa. Mama mdogo tulimkuta chumbani kwake, amekaa kitandani, anapanga nguo zilizofuliwa kwa kuzipapasa. Tukasalimia, tukapewa nafasi. Penseli akabaki mlangoni. Nesi akaweka simu kitandani, akaiwasha irekodi, akauliza tu hivi:

"Mama, ile picha ya studio ya marehemu dada yako. Unakumbuka nini?"

"Picha?" Bibi akaacha nguo. "Ile aliyogombana nayo?"

Penseli akashika fremu ya mlango.

"Aligombana vipi?" Nesi akauliza.

"Si alikwenda kuichukua akakuta wamemfuta baka! Alirudi hapa moto mtupu. Anazunguka chumba, anafoka. Nikamwambia, dada, si afadhali, umetoka mzuri. Wee! Nusura anipige na ndala. Akasema huko studio kuna kijana mmoja mwembamba, amemwita akamwambia, nirudishie shavu langu. Akarudishiwa. Akaja kunionyesha, anajiangalia huku na huku kama malkia." Akacheka. "Alikuwa na mimba wakati huo. Akasema mtoto akizaliwa nalo, asije akadhani amelipata peke yake."

Mama Mikate alikuwa amekaa chini kwenye mkeka. Akainamisha uso kwenye magoti ya mama yake mdogo.

"Hukuwahi kuniambia haya," akasema.

"Hukuniuliza haya. Wewe uliniuliza sura." Bibi akampapasa kichwa. "Kumbe ndiyo ulikuwa unataka? Ningekuwa nakwambia kila siku. Alikuwa mbishi huyo, sijapata kuona." Kisha akainua kichwa. "Na nani huyo anahema pale mlangoni kama punda?"

"Ni mimi, bibi," Penseli akasema. "Yule kijana mwembamba."

"Sogea."

Akasogea. Bibi akanyoosha mkono kutafuta bega lake, ukatua tumboni.

"Mwembamba huyu?"

Hata Mama Mikate alicheka, na kamasi zake.

"Umemrudishia?" bibi akauliza.

"Nimemrudishia. Mara ya pili."

"Ya pili! Hujifunzi?"

"Najifunza pole pole, bibi."

"Hm. Na mimi nilipiga hapo hapo kwenu. Mimi ulinitoa nini?"

Penseli akamtazama kwa muda, akakunja jicho moja. Nilitaka kumkanyaga. "Wewe ulikuja na gauni la kola nyeupe," akasema. "Kovu. Juu ya nyusi ya kushoto. Dogo."

Bibi akapeleka kidole juu ya nyusi, akalitafuta, akalipata.

"Nilianguka ghalani," akasema. "Dada alinisukuma. Kwenye picha nikaona halipo, nikajua limepona. Miaka yote hii nimesema nilikuwa na kovu, lilipona."

"Halikupona, bibi. Lilikuwa chini ya penseli."

"Basi lirudishe na hilo. Alinipa yeye."

Nikamwona Nesi anatazama simu yake. Ilikuwa bado inarekodi. Mkono aliunyoosha kuizima, akaurudisha.

Tulipofika dukani, Penseli akashuka kati ya ndoo, akatoa funguo za chumba cha juu mfukoni, akampa Nesi. Hakungoja aombwe. Nesi akazichukua.

"Umewashika wangapi humo kwenye maboksi?" akamuuliza.

"Siwezi kuwahesabu, mwenyekiti. Zamani ilikuwa kila mmoja. Nyingine nilikwangua kwa wembe, hizo hazirudi tena. Za penseli zinarudi."

"Na unakumbuka kila mmoja ulimtoa nini?"

"Majina sikumbuki. Nilichomtoa mtu nakumbuka."

Nesi akasimama pale kwenye ngazi, mkono kiunoni, kama nesi wa zamu anayeamua nani alale na nani aende nyumbani.

"Nataka penseli zako zote mezani kwangu, na wembe. Nikikukuta na hata ya kuchorea watoto, ngazi hizi hutapanda tena. Kazi yako ni pamba. Unamfuta mmoja mmoja, na kabla hujamfuta unamwambia Mwalimu kwa mdomo ulimtoa nini na kwa nini, anarekodi. Za wembe nazo unasema, hata kama hazirudi. Na siku moja tu ukimpendezesha mtu…"

"Siwezi."

"Unaweza sana. Ndiyo maana kiti nakisogeza, kitakuwa mbele ya macho yangu."

Akamrudishia funguo. Shemeji yangu alizipokea kwa mikono miwili. Akapanda ngazi akaanza kusogeza kiti mwenyewe. Nilisikia juu ya dari yangu mguu ule uliolegea unaburutwa.

Mama Mikate alipata picha yake, kubwa, ya fremu. Ameitundika kwenye duka la mikate, siyo nyumbani. Wateja wanauliza, yeye anawasimulia ule ugomvi wa studio kana kwamba alikuwepo, na kila akisimulia mama yake anazidi kuwa mkali. Penseli mwenyewe hajasamehewa kabisa na Mama Mikate, nadhani. Akienda kununua mkate bado anampa wa pembeni uliogusa sufuria ukaungua. Lakini anampa.

Na chama sasa kimepata msimu wa malalamiko. Juzi alikuja kijana mmoja wa familia yenye heshima zake, amevaa suti na kofia, ameona dirishani babu yake ametolewa hadharani na masikio kama milango ya stoo. Akapanda ngazi zinalia. Mimi nikazima redio nisikie vizuri.

"Babu yangu hakuwa na masikio haya!"

"Alikuwa nayo," nikasikia Penseli akisema kwa upole. "Niliyapunguza mimi. Kwa wembe yangekuwa hayarudi, lakini nilitumia penseli, nikapaka kingo zake mpaka zikalingana na ukuta wa nyuma. Ilinichukua mchana mzima. Shida yote ilikuwa la kulia."

"Sasa si uyapunguze tena! Watu wanapita wanacheka!"

Kile kiti cha mguu uliolegea kikalia. Namjua shemeji yangu. Nilijua mkono umeshaanza kuwasha.

"Masikio yanabaki!" Nesi akapaza sauti kutoka mezani kwake. "Na wewe kijana, geuka kidogo upande wa dirisha nikuone."

Kijana hakungoja. Alishuka haraka, akapita mbele ya duka langu ameivuta kofia yake mpaka chini kabisa.